Ile ya Nne

Upepo wa Ufipa uliamka kabla ya watu Jumamosi ile. Ulizunguka uani kwa Mzee Baltazari, pale Kizwite, ukapeperusha majivu ya jikoni, ukavuta kona za turubai lililofungwa juu ya viti vya wageni. Kila ulipopita kwenye maikrofoni ya Mboje ulinguruma kama mtu anayepuliza ndani ya chupa tupu.

Mboje alichutama chini ya meza akaifunga maikrofoni kwa kipande cha blanketi. Fundo lilimponyoka mara mbili. Alijiambia ni baridi. Sumbawanga mwezi wa sita, nani asiyetetemeka?

"Shemeji Profesa!"

Hakuhitaji kugeuka. Alikuwa Raymond, amesimama kwenye uwazi wa ua amevaa suti ya kijivu na viatu vilivyokwisha kushika vumbi jekundu, akichekacheka kama mtoto aliyetoroka shule.

"Raymond, si mnatakiwa kuja saa nne? Na mshenga?"

"Mimi sipo hapa, hujaniona. Wazee wangu bado wako nyumbani Chanji wanatafuta soksi." Akamsogelea, akamwekea mkononi pakiti ya betri. "Nimekuletea hizi. Nimesema isije mashine ikakata katikati ya jambo langu. Mpya kabisa, zimeshuka juzi kutoka Tunduma."

Mboje aliziangalia betri zile. Tangu aje na rekoda ya chuo, betri zote zilitoka dukani kwa Raymond. Hakuwahi kunyimwa. Siku nyingine Raymond alizileta mwenyewe kwenye darasa la shule walilorekodia, akakaa nyuma kimya na kofia mapajani, akisubiri Winifrida, binti aliyekuwa akimposa, amalize kuimba.

"Ahsante," Mboje alisema.

"Ya nini ahsante? Wewe ni kaka wa mke wangu." Raymond alishusha sauti. "Niambie ukweli, shemeji. Wewe umemsikiliza kuliko sisi wote. Atanikubali?"

Upepo ulivuta turubai. Mboje alifungua mgongo wa rekoda, akaanza kupanga betri, moja kichwa juu, moja kichwa chini.

"Ataulizwa yeye," alijibu.

"Ndiyo, ataulizwa yeye." Raymond alicheka, akajifuta paji la uso ingawa kulikuwa na baridi. "Haya, sipo hapa." Akaondoka kwa kunyata, bwana mzima mwenye lori na duka, akikwepa kuku wa mkwewe.

*

Jambo lenyewe lilianza kwa wema, na hilo ndilo lililomuuma Mboje kuliko yote.

Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kisukuma walioshuka na ng'ombe wao bondeni Rukwa, wakaweka maskani Kaoze. Alisoma mpaka akafika Chuo Kikuu, Dar es Salaam, akamaliza mwaka ule ule serikali ilipoacha kuwapangia wahitimu kazi. Wenzake walihangaika na barua za maombi. Yeye mwalimu wake alimpa rekoda na swali. Swali lilikuwa hivi: mtu mmoja akiuimba wimbo mmoja kwa furaha, kisha kwa huzuni, kisha kwa hasira, maneno yale yale na tuni ile ile, je, msikilizaji asiyemwona atajua? Na kama atajua, anajulia wapi? Hisia inakaa sehemu gani ya sauti?

Alirudi Rukwa kumtafuta mwimbaji. Kwenye kwaya ya Kizwite akamsikia Winifrida, binti wa Mzee Baltazari, na hakutafuta tena.

Ila binti wa watu hafungiwi darasani na kijana wa watu, hata kwa jina la elimu. Mzee Baltazari alikaa na ombi lile wiki nzima. Aliyelifungua fundo ni mama yake, Bibi Emerensiana, mwanamke mwembamba mwenye ugoro puani na macho yaliyokwisha kufifia.

"Mbona mnajisumbua?" alisema. "Kijana hana kwao hapa mjini. Mfanyeni mtoto wa nyumba. Kaka na dada yake wakikaa pamoja, nani atasema neno?"

Jioni ile Mboje alikaribishwa akala ugali wa ulezi kwenye sahani moja na Mzee Baltazari. Kesho yake mzee alimpitisha kwa majirani na kwa katekista. "Huyu ni mwanangu," alisema kila mlango. "Kaka yake Winifrida. Mkiwaona pamoja msishangae."

Mboje alifurahi sana. Aliona mlango wa utafiti umefunguka. Hakujua kwamba jioni ile, kwa tonge lile lile, alikuwa ameufunga mlango mwingine na ufunguo ameumeza mwenyewe.

*

Wimbo waliouchagua ulikuwa wa Bibi Emerensiana, wa kusagia ulezi, mfupi, wa kitoto. *Saga, saga, ulezi wa mama. Saga, saga, jua linakwenda.* Winifrida aliuimba kwa furaha, chumba kikaota mabawa. Akauimba kwa huzuni, Mboje akasahau kuangalia mita. Akauimba kwa hasira mpaka mlinzi wa shule akaja kuchungulia.

Wa nne ulimshinda. Wa nne ulitakiwa uimbwe bila chochote.

"Bila chochote ndiyo vipi?" aliuliza.

"Bila furaha, bila huzuni. Tuni na maneno basi."

"Na mimi nakuwa wapi?"

"Wewe haupo."

Alijaribu, akashindwa. Akajaribu tena, akacheka katikati. Siku zikapita. Mboje alikuwa akirudisha kanda polepole, hedifoni masikioni, mpaka siku moja akagundua.

"Nimekupata unapojificha," alimwambia. "Kabla ya neno 'mama' unasimama. Kidogo tu, kama mtu aliyefika mlangoni akasahau alichofuata. Kwenye furaha unasimama kidogo sana. Kwenye huzuni unasimama mpaka mtu anataka kukusaidia. Hapo ndipo moyo wako unapokaa, Winifrida. Kwenye kile kimya."

Winifrida alimtazama. Alikuwa na macho ya kutazama polepole, yanayokufikia yakiwa yamekwisha kuamua.

"Hakuna mtu aliyewahi kuniambia moyo wangu unakaa wapi," alisema.

"Basi usisimame. Likija neno, lichukue papo hapo, upite. Waza magunia. Waza ukuta."

Alijifunza. Siku alipouimba wimbo wa nne bila kusimama mahali popote, Mboje alipiga makofi, kisha akaona Winifrida analia.

"Umefanya vizuri mno, kwa nini unalia?"

"Sijui. Nimejisikia kama mtu aliyetoka nyumbani akaacha taa inawaka."

Walipowapigia watu kanda zile, kanda tatu za kwanza zilijulikana na karibu kila aliyesikiliza. Ya nne iliwachanganya. Wengine walisema hasira, wengine usingizi. Bibi Emerensiana alivua hedifoni akazitupa mapajani. "Mmemficha wapi mjukuu wangu? Huyu mliyemweka si yeye. Huyu amekufa." Watu wote walicheka. Na Raymond, zamu yake ilipofika, alisikiliza ameinamisha kichwa, akasema neno moja tu: "Hayupo."

Siku ile Mboje aliandika majibu hayo kwa furaha ya msomi. Mpenzi ndani yake alikuwa bado hajajijua.

Alikuja kujijua Alhamisi, siku mbili kabla ya mahari. Kazi ilikuwa imekwisha. Winifrida alikuwa anamsaidia kukunja nyaya, na nje, uwanjani, watoto walikuwa wanakimbiza tairi.

"Mboje." Mbele za watu alimwita kaka. Hapa hakumwita hivyo. "Ile ya pili, ya huzuni. Nilikuwa namwaza nani?"

"Sikukuuliza. Utafiti haukuhitaji."

"Msomi mzima!" Alicheka, akauzungusha waya kiganjani. "Unasikia pumzi yangu, unasikia kimya changu, halafu hilo husikii? Nilikuwa nawaza siku utakayopanda basi kurudi Dar es Salaam."

Waya ulimponyoka Mboje mkononi. Hakuuokota.

"Winifrida, usiseme."

"Nimekwisha kusema. Na wewe sema."

"Raymond ni mtu mwema."

"Sikukuuliza habari za Raymond. Ningekuwa na ubaya wake wa kutaja ningekwisha kuutaja. Mboje, nakuuliza wewe."

Akasema. Mboje alisema vibaya, kwa kukwamakwama, huku anaangalia sakafu, lakini alisema yote: kwamba jioni anarudi chumbani anasikiliza kanda si kwa kazi, kwamba akilisikia jina lake sokoni anageuka, kwamba ameomba Mungu amwondolee na Mungu amenyamaza. Winifrida alimsikiliza ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Alipomaliza, alimshika mkono mara moja, kwa nguvu, akauachia.

"Jumamosi shangazi ataniuliza mbele ya watu, tule mahari au tusile," alisema. "Mimi peke yangu nikisema msile, wataniona nimepagawa, na baba aibu itamuua. Lakini tukiwa wawili ni neno. Nitanyamaza, Mboje. Akiniuliza, nitanyamaza. Ndani ya kile kimya changu useme. Neno lolote. Useme 'subirini' tu, mimi nitamalizia."

"Nitasema."

"Niapie."

"Nitasema, Winifrida. Kesho nashuka Kaoze kwa baba, aje akae na mimi. Nitasema."

Ijumaa alishuka. Baba yake alikuwa zizini, ameegemea fimbo, anaangalia ndama aliyevunjika mguu. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nyumba ile umekaa kama nani?" aliuliza.

"Kama mtoto, baba."

"Ulikula sahani moja na mwenye nyumba?"

"Nilikula."

"Akakupitisha kwa majirani."

"Ndiyo."

Mzee alihamishia fimbo mkono wa pili. "Sisi huku ni wageni, mwanangu. Tukipita na ng'ombe tunaangaliwa kwa mashaka. Yule bwana alikufungulia nyumba yake. Sasa niende nimwambieje? Kwamba mwanangu uliyemlisha kama wako amemtaka dada yake? Nipe mdomo wa kusemea, nami nitakwenda."

 Mboje alirudi juu na lori la mpunga alfajiri ya Jumamosi, peke yake.

*

Wageni walifika saa nne na nusu. Mbele alitangulia Mzee Zenon, mshenga wa upande wa Raymond, mwenye koti la mvua na utani usioisha. Nyuma yake wanawake walibeba jembe jipya, blanketi la bibi, na kikapu kilichofunikwa kitenge ambacho ndani yake ndimo mahari yalimokuwa.

"Hodi hapa! Tumepotelewa na ua," Mzee Zenon alipaza sauti. "Wamesema lilionekana likiimba Kizwite."

"Hapa hatufugi maua yanayoimba," Shangazi Kristiana alijibu, amesimama mlangoni mikono kiunoni. "Hapa kuna ulezi na maharage. Pitilizeni."

"Basi tutalala hapa hapa nje. Na baridi yenu hii tutakufa, mtatuzika nyie."

Watu wakacheka, wageni wakaketishwa. Mzee Baltazari alizungusha macho akitafuta mtu.

"Mboje! Unakaa chini ya meza kama fundi? Njoo huku."

"Baba, mashine..."

"Mashine ije nayo." Alipiga kiti kilichokuwa kulia kwake. Pale ndipo walipokaa kaka zake Winifrida, na kiti kilichoachwa wazi kilikuwa cha mkubwa wao. "Mwanangu mkubwa hakai chini ya meza siku ya dada yake."

Mboje aliinuka akiburuta waya. Alikaa. Rekoda akaiweka mapajani, akavaa hedifoni sikio moja. Kiti kilikuwa cha mbao, cha kawaida tu, lakini alipokikalia alihisi kana kwamba kiti ndicho kilichomkalia yeye.

Winifrida aliletwa. Shangazi Kristiana alimwongoza kwa mkono, amefunikwa kanga mpya mpaka machoni, akasimamishwa katikati ya mkeka. Shangazi aliifunua kanga. Kabla hajainamisha uso kama inavyompasa binti, Winifrida aliinua macho, akamwona Mboje kwenye kiti kile. Akaangalia kiti kilichofuata. Akaangalia nyuma ya Mboje, alipopaswa kuwa amekaa baba yake Mboje, mzee wa Kaoze. Palikuwa na ukuta.

Akainamisha uso.

"Mwanangu," Shangazi Kristiana alianza kwa sauti ya sherehe, "unawaona watu hawa?"

"Nawaona, shangazi."

"Unawafahamu?"

"Nawafahamu."

"Wameleta mzigo. Baba yako hawezi kuugusa bila wewe. Sema mwenyewe, watu wasikie. Tule, au tusile?"

Mboje aliangalia mita. Sindano ilikuwa imeruka kwa sauti ya shangazi, na sasa ilishuka, ikalala upande wa kushoto, ikitikisika kidogo kwa upepo. Masikioni alisikia turubai. Alisikia kuku. Na nyuma ya vyote alisikia pumzi ya Winifrida, aliyoijua kuliko pumzi yake mwenyewe, ikiingia, ikisimama mlangoni.

Sema, alijiambia. Subirini. Neno moja.

Kimya kilirefuka. Mtu mmoja alikohoa. Raymond, upande wa pili, alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

"Ana aibu mtoto," Mzee Zenon alisema taratibu. "Ana malezi huyu."

"Au anawasubiri kaka zake," Shangazi Kristiana alisema, akatabasamu. "Haya, kaka zake, mna neno? Msije mkasema baadaye hatukuwauliza."

Mzee Baltazari aliweka mkono begani kwa Mboje. Mkono ulikuwa mzito, wenye joto, na ulinukia sabuni. "Mkubwa wao ni huyu," aliwaambia wageni, na sauti yake ilijaa fahari. "Hakutoka tumboni mwa mama yao lakini ni wangu. Yeye ndiye aliyeijua sauti ya dada yake mpaka ikaandikwa Chuo Kikuu. Sema, mwanangu. Una neno?"

Nyuso zote zilimgeukia. Hata Winifrida. Alikuwa ameinua uso, bila aibu yoyote, na macho yake yalikuja kwake polepole kama kawaida yao, na yalipofika hayakuomba kitu. Yalisubiri tu.

Mboje alifungua mdomo. Neno alikuwa nalo. Lilikuwa limekaa ulimini, dogo, limekamilika. Bega lake lilihisi vidole vya mzee vikimbonyeza kwa upendo.

"Sina neno, baba," alisema.

Na neno la mwisho halijafika chini, Winifrida alijibu.

"Kuleni, baba."

Papo hapo. Hakusimama mahali popote. Tuni na maneno basi.

Vigelegele vililipuka. Sindano ikagonga upande wa kulia ikabaki huko.

*

Walikunywa pombe ya ulezi, wakapakua ugali na samaki wa migebuka, na Mzee Zenon aliimba wimbo usiofaa mbele ya wakwe. Bibi Emerensiana aligonga fimbo chini.

"Mimi sikusikia vizuri! Mlinikalisha nyuma kama kuku wa kuatamia. Mboje, mashine yako imeshika? Nipigie nisikie mjukuu wangu alivyojibu."

"Bibi, tutakupigia kesho."

"Kesho nitakuwa hai kwa kibali cha nani? Piga!"

Watu wakashangilia, piga, piga. Mzee Baltazari mwenyewe aliisukuma sahani pembeni, akaipa rekoda nafasi mezani. Mboje alirudisha kanda. Vidole vilijua kazi, vikaifanya bila yeye. Akabonyeza.

*Tule, au tusile?* shangazi aliuliza kwenye spika ndogo.

Kisha kimya. Kwenye kanda kilikuwa kirefu kuliko kilivyokuwa kweli. Upepo. Kuku. Watu walichekeana wakigongana viwiko. "Aibu ile!" mwanamke mmoja alisema. Kisha sauti ya mwanamume, kavu, ngeni, *sina neno, baba*, na ile nyingine ikiikanyaga kisigino, *kuleni, baba*.

Bibi Emerensiana alikunja uso.

"Hii ni ile ya nne," alisema.

"Ya nne ya nini tena, mama?" Mzee Baltazari alimuuliza.

"Ile ya nne. Ile ya kusaga ulezi ambayo hayumo." Alinusa ugoro, akapiga chafya. "Wote wawili hawamo."

"Bibi amechanganya na nyimbo zake," Shangazi Kristiana alisema, na watu wakacheka, wakarudi kwenye sahani zao.

Raymond hakucheka. Alikuwa ameshikilia tonge, halijafika mdomoni. Aliliweka chini taratibu. Alinawa, akajifuta mikono, akaja akainama karibu na meza kana kwamba anataka kuiona mashine.

"Shemeji," alisema chini chini. "Rudisha kidogo. Pale pa kimya."

Mboje alirudisha. Walisikiliza wote wawili, vichwa vikiwa karibu.

"Tena."

Walisikiliza tena. Raymond aliinua kichwa. Alipozungumza sauti yake haikuwa na hasira, na Mboje angeipenda hasira.

"Nilidhani ananisubiri mimi nipumue," alisema. "Kumbe kulikuwa na mtu anaulizwa."

"Raymond..."

"Usiseme sasa. Ulikuwa na nafasi ya kusema." Aliangalia upande wa jikoni, alikokuwa Winifrida. "Mimi nitamsubiri. Nitakaa naye hivyo hivyo, hata kama hayupo, mpaka arudi. Watu wanarudi. Sivyo, Profesa? Utafiti wako unasemaje?"

 Hakuna mtu aliyemsikiliza Winifrida kwa bidii kama Mboje, na alichojua ni jinsi ya kumtoa tu. Jinsi ya kumrudisha hakujifunza.

"Hiyo kanda ni yangu," Raymond alisema. "Mahari ni yangu, kanda ni yangu."

"Ni yako."

Aliitoa, akamkabidhi. Raymond aliitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto, akarudi kukaa na wazee wake. Hakupita muda akasikika akijibu utani wa Mzee Zenon, na sauti yake ilikuwa karibu ya kawaida.

*

Watu walipomaliza kula, Winifrida alitoka jikoni na birika na beseni kuwanawisha. Ilikuwa kazi yake siku ile, na wote walimwangalia kwa upendo alivyopita kutoka kiti hadi kiti, akipiga magoti mbele ya kila mmoja. Alimnawisha Mzee Zenon. Alimnawisha baba yake, naye akambariki kichwani kwa mkono uliolowa. Akafika kiti cha kaka mkubwa.

Alipiga magoti. Mboje alinyoosha mikono juu ya beseni. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Alikuwa ameyapasha kwa ajili ya baridi.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo bila mtu mwingine wa kusikia. "Mashine ilishika vizuri?"

"Ilishika."

"Hata pale niliponyamaza?"

"Hata pale."

Maji yaliendelea kumiminika, yakapita vidoleni, yakajaa beseni. Mikono ya Mboje ilikuwa imekwisha kutakata, lakini Winifrida hakuinua birika.

"Nilitaka kujua hilo tu," alisema. "Nimekaa jikoni nikajipa moyo. Nikasema, upepo ulikuwa mkali, labda hakunisikia."

Sasa ilikuwa zamu ya Mboje kusema. Angesema ndiyo, upepo ulikuwa mkali, na ingekuwa faraja ya kuondoka nayo, kitu cha kufunga kwenye ncha ya kanga mpaka Chanji.

"Nilikusikia, Winifrida," alisema.

Alisita kidogo kabla ya jina lake. Alijisikia akisita. Winifrida naye alisikia, kwa maana alifumba macho, na birika likatikisika, na maji yakamwagika nje ya beseni yakalowesha magoti yake.

Kisha akainuka, akapanga uso wake, akaenda kumnawisha anayefuata.